Mayai Tisa na Makumbi ya Nazi

Kuna neno ambalo sisi wa ualimu tunalisikia tangu wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza mpaka linatukinai: kufaragua. Huna bika ya maabara? Kata chupa ya maji. Huna mfano wa moyo? Finyanga udongo. Mwalimu mzuri hakwami kwa kukosa vifaa, anafaragua. Tunaliandika kwenye madesa, tunalirudisha kwenye mtihani, tunapata B yetu, maisha yanaendelea. Shida yangu na neno hili ni kwamba hufundishwa nusu. Tunaambiwa tubadilishe kitu hiki kwa kile. Hatuambiwi tuulize kwanza kile kinachobadilishwa kilikuwa kinafanya kazi gani.

Nusu ya pili niliipatia TP, mwaka jana mwezi Julai, katika shule moja ya sekondari wilayani Pangani, na aliyenifundisha ni gorong'ondo.

Kwa wasiomjua, gorong'ondo ni yule mjusi mkubwa wa kwenye mawe na kuta, ambaye dume lake huwa na kichwa cha rangi kali na hupiga pushapu juu ya ukuta kana kwamba yuko JKT. Mwisho wa wiki yangu ya kwanza, Kidato cha Pili walikuwa wanachimba shimo la taka nyuma ya maabara. Jembe likakata yai. Mlinzi wa shule, ambaye sote tulimwita Babu, akawazuia wasiendelee na kumtuma mtoto kuniita, kwa sababu alishasikia kuna mwalimu mgeni wa baiolojia. Nilipofika, mayai mawili yalikuwa yanazunguka mikononi mwa wavulana, saba bado yamelala kwenye udongo, na lile la kumi limepasuka. Ndani yake kulikuwa na kiini cha njano chenye alama nyekundu nyembamba kama nyuzi.

"Madamu, kuna mtu humu," akasema msichana mmoja. Hakusema mjusi. Alisema mtu.

Kurudishia udongo na kuondoka haikuwezekana, maana shimo lilikuwa limeamriwa na ofisi na Jumatatu lingekuwa limejaa taka zinazoungua. Nikachukua penseli, nikaweka alama ndogo juu ya kila yai kabla ya kuligusa. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui, kwa sababu sote tumekua na kuku. Kuku hugeuza mayai yake kila siku, na yai lake lina zile kamba mbili nyeupe zinazoshikilia kiini katikati, hivyo kugeuka hakumdhuru kifaranga. Yai la mjusi halina kamba hizo. Siku moja au mbili baada ya kutagwa, kiinitete hujishika upande wa juu wa ganda na kubaki hapo. Ukiligeuza unaweza kumfunika na kiini chake mwenyewe. Kwa hiyo yai la mjusi linanyanyuliwa jinsi lilivyolala na linalazwa jinsi lilivyolala.

Sasa, kulilaza juu ya nini?

Nilitafuta kwenye simu usiku ule nikiwa nimekaa nje, mahali pekee penye mtandao. Watu walioandika sana kuhusu jambo hili ni wafugaji wa Marekani na Ulaya, ambao huwafuga mijusi na nyoka majumbani kama sisi tunavyofuga paka, na huwazalisha. Wengi wana mjusi mwenye ndevu wa Australia, ambaye kwa bahati nzuri ni wa familia moja na gorong'ondo wetu. Na karibu wote wanasema kitu kimoja: tumia vamikulaiti, au pelaiti, au uchanganye.

Vamikulaiti ni madini ya jamii ya ulanga ambayo yakipashwa moto mkali hutanuka kama bisi, yakawa mepesi na yenye nafasi nyingi ndani za kushikia maji. Pelaiti ni kioo cha volkano kilichovimbishwa kwa moto vilevile. Si vitu vya mbali sana. Vamikulaiti inachimbwa hata Uganda, kule Namekara, na wakulima wa miche huitumia. Lakini kutoka pale nilipokuwa mpaka duka la pembejeo ambalo lingeweza kuwa nayo ni safari ya Tanga mjini na kurudi, na bumu wakati huo lilikuwa limeshakuwa historia. Nilikuwa napiga pasi ndefu. Nauli ile ilikuwa chakula cha siku mbili.

Jumatatu chumba cha walimu kilikuwa na maoni yake. Mwalimu mmoja, mtu mwema ambaye alinigawia mihogo zaidi ya mara moja, akaniambia, "Mwalimu, reptilia wanakuja kwenye mtihani kwa picha ya kitabuni. Hayo mayai yatupe uendelee na azimio lako la kazi." Hakuwa na ubaya. Darasa lake lina wanafunzi wengi kuliko madawati na anajua mtihani unauliza nini. Ila mimi nilishamwahidi yule msichana, mbele ya wenzake arobaini na kitu, kwamba tutajaribu. Mwalimu wa TP ana wiki nane tu za kuaminiwa, na ukivunja ahadi wiki ya pili umemaliza zote.

Basi tukaanza na swali la kazi: vamikulaiti inamfanyia nini yule mtu wa ndani?

Darasa lilijibu kwamba ni kitanda. Wengine wakasema chakula, kama udongo kwa mmea. Nikawapa vitu viwili washike. Mkono mmoja nikawapa ganda tupu la yai la mjusi kafiri, yule wa kwenye dari za hosteli zetu, nililolikuta nyuma ya kabati la maabara. Ni gumu na kavu, linavunjika kama chaki. Mkono mwingine nikawapa kipande cha ganda la lile yai lililokatwa na jembe. Hilo lilikunjika. Lilikuwa kama karatasi iliyolowa, au kama ngozi ya ngoma kabla haijawambwa.

Hapo ndipo pana siri yote. Mjusi kafiri hutaga mayai mawili yenye ganda la chokaa, na maji atakayoyahitaji mtoto yamo ndani tayari. Unaweza kuyaacha kwenye ufa mkavu wa ukuta, na ndivyo mama yao afanyavyo. Hayahitaji kulazwa kwenye chochote chenye maji. Yai la gorong'ondo ni mkataba tofauti. Mama huondoka akiwa ameweka sehemu tu ya maji, na yaliyobaki yai litayavuta lenyewe kutoka kwenye udongo kupitia ganda lile laini. Ndiyo maana huchimba mahali penye unyevu, na ndiyo maana yai lake hukua. Kweli, hukua: likienda vizuri, linatoka kwenye udongo kubwa na zito kuliko lilivyoingia.

Kwa hiyo anacholalia ni akaunti ya maji. Liwe na maji ya kutosha kutolewa kidogokidogo kwa miezi miwili au zaidi. Lisiwe na maji mengi mpaka yakafunika ganda, kwa sababu ganda hilohilo ndilo pua, na yai lililozungukwa na maji linakosa hewa. Lisioze. Lisiwe na chumvi. Masharti manne, na hakuna hata moja linalosema "vamikulaiti".

Watoto wakatawanyika kuleta. Kufikia Jumatano tulikuwa na mchanga wa pwani, mchanga wa mtoni, udongo wa kichuguu, maranda ya fundi seremala, pumba za mpunga, na unga wa makumbi ya nazi.

Sasa ikaja hoja ambayo naikumbuka kuliko zote. Kichwani nilikuwa na jaribio zuri la kisayansi, tena la kumfurahisha msimamizi atakayekuja kutoka chuoni: mayai tisa, vitu sita, gawanya, linganisha, chora jedwali. Nikaanza kuliandika ubaoni. Yule msichana akanyoosha mkono.

"Madamu, kwa hiyo yatakayokuwa kwenye kibaya yatakufa ili tujue ni kibaya?"

Nikamjibu ndiyo, hiyo ndiyo maana ya jaribio.

"Si tunaweza kujua bila wao?"

Nilisimama na chaki yangu. Wakuu, nadhani mnajua kinachompitia mwalimu wa mazoezi akiulizwa swali kama lile. Sisi wenyewe ni jaribio. Tunapelekwa kwenye madarasa ya watoto halisi, wenye mtihani halisi wa taifa mbele yao, tukajifunze ualimu kwao, na wiki nane zao hazirudi. Hakuna aliyewauliza. Nikafuta ubao, nikaandika upya. Tutapima vitu, si mayai.

Tukachukua makopo sita ya siagi. Kila kitu kilianikwa juani kikauke, tukapima uzito sawa kwa ule mzani wa mihimili mitatu wa maabara, ambao ulikuwa mzima kuliko nilivyotarajia, tukamimina maji ya kipimo kimoja, tukafunika. Kila asubuhi kabla ya mstari walipima, wakanusa, na wakatia kidole chini kabisa.

Mchanga wa mtoni ulikuwa wa kwanza kujieleza. Siku ya pili juu umekauka, chini maji yamesimama kama kisima. Yai likilala pale, mgongo una kiu na tumbo linazama. Mchanga hautunzi maji, unayapitisha. Maranda yalianza vizuri, lakini siku ya tano yakawa na ukungu mweupe na harufu ya kileo. Pumba zilikataa maji siku ya kwanza, yakawa yanateleza juu yake, na zilipoyakubali nazo zikaota ukungu. Chochote ambacho kuvu anaweza kukila kwa urahisi hakifai kukaa miezi miwili kwenye kopo lenye joto na unyevu. Anayefuga kuku atasema maranda na pumba ni matandiko bora, na kwa kuku ni kweli, kwa sababu pale kazi yake ni kukausha. Sisi tulitaka kinyume chake.

Udongo wa kichuguu ulikuwa na wapiga debe wengi, na si bure. Babu alituambia kenge hutaga ndani ya vichuguu, na ni kweli. Kenge wa majini hutoboa kichuguu, hutaga ndani, na mchwa huziba nyuma yake, nyumba ikabaki na joto na unyevu wake. Lakini kinachomfaa kenge ni kichuguu kizima chenye mchwa ndani wanaokihudumia. Udongo uliobomolewa na kuletwa kwenye rambo ni jambo jingine. Kwenye kopo letu uliganda ukawa tofali, tulipoongeza maji ukawa matope ya kunata, na matope yakinata kwenye ganda yanaziba vile vitundu vya hewa.

Mchanga wa pwani ndio ulioleta mjadala, maana watoto wa Pangani wanajua kasa. "Mbona kasa anataga pwani, Madamu?" Swali zuri, na jibu liko jirani. Kasa hapandi pwani akataga popote. Hupita mstari wa maji kujaa, huchimba chini mpaka kwenye mchanga wenye unyevu, mahali ambapo bahari kwa kawaida haifiki. Ikifika, mayai hufa. Ndiyo habari ya kisiwa cha Maziwe, ambacho wazee wanakikumbuka kikiwa na miti: tangu miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika lote, na ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo, upande wa bara. Mchanga uliookotwa na mtoto kando ya mawimbi una chumvi, na chumvi huvuta maji. Badala ya yai kuinywa akaunti, akaunti ingelinywa yai. Hapo somo la osmosisi, ambalo mwaka wangu wote wa kidato cha tatu nililijua kwa kipande cha kiazi, likaeleweka bila mimi kuligusa.

Likabaki unga wa makumbi. Si zile nyuzi ndefu za usumba, bali vumbi la kahawia linalodondoka ukiponda kumbi kavu. Lilikunywa maji mengi kuliko vyote, wiki nzima likawa na unyevu uleule juu na chini, na ukilibonyeza linarudi kama sponji, maana yake hewa imo. Halikunuka. Tahadhari ni moja, na waliijua akina mama wa pale kabla yangu: makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa bahari miezi mingi. Tukatafuta makumbi ya shambani ambayo hayajaona pwani, na hata hayo tukaliosha vumbi lake kwa maji ya mvua mara tatu na kuonja kwa ulimi.

Kipimo cha maji hakikuhitaji hesabu ndefu. Wafugaji wa vamikulaiti hupima mara nyingi uzito wa maji sawa na uzito wa vamikulaiti kavu, lakini makumbi hunywa zaidi kwa uzito wake, hivyo kunakili hesabu yao kungetupa kitu kikavu. Tulitumia kiganja. Chukua konzi, kamua kwa nguvu. Likishikana kama tonge bila kudondosha maji, hapo hapo. Likitoa tone, ongeza kavu. Kipimo hiki wanacho hata wao, kwa hiyo tusijisifu sana.

Kopo la aisikrimu la lita mbili, vitundu vichache kwenye kifuniko, makumbi nusu kopo, na kila yai likalazwa kwenye kijishimo cha kidole likiwa limezama nusu, alama ya penseli juu. Wakati huu wote yalikuwa yamekaa kwenye udongo wao wa asili ndani ya ndoo, kivulini. Kila Ijumaa tulilipima kopo zima, na uzito uliopungua tulirudishia kwa maji kando ya ukuta wa kopo, si juu ya mayai. Kipimajoto kikaingizwa pembeni. Wiki ya tatu tulizima taa tukamulika yai kwa tochi ya simu, na mishipa myekundu ikaonekana. Saba yalikuwa nayo. Yale mawili yaliyozungushwa mikononi yalibaki ya njano tupu, yakabonyea, tukayaondoa kabla hayajaambukiza wenzake ukungu.

Msimamizi alipokuja wiki ya tano alilitazama kopo, akauliza maswali mawili, akaandika kwamba zana ni nzuri na kwamba ubao wangu umejaa mno. Sawa.

Watoto walitaka sana kujua yatatoka madume au majike. Hili nilipenda kuwajibu kwa sababu lina Afrika ndani yake. Mwaka 1966, katika chuo kikuu cha Dakar, Senegal, mtafiti Madeleine Charnier aliatamisha mayai ya mjusi wa jamii hii hii na kuona kwamba joto ndilo linaloamua: kwenye joto la chini kidogo karibu wote wakawa majike, la juu kidogo wakawa madume. Sayansi ya dunia kuhusu joto na jinsia ya reptilia inaanzia hapo, kwenye mjusi wa ukutani wa Afrika Magharibi. Sisi tulikuwa na baridi ya Julai na Agosti ya pwani, kwa hiyo darasa likapiga kura: majike. Mtoto mmoja akabisha mpaka mwisho.

Naweka na hili, kwa sababu najua tunavyopenda dili hapa chuoni. Gorong'ondo hawa hawakuwa wa kufugwa wala kuuzwa. Wanyamapori ni wa umma na kuwafuga kunahitaji kibali, na usafirishaji wao hai nje ya nchi ulisimamishwa mwaka 2016. Reptilia wetu wametoka sana kwenda kwenye vioo vya sebule za watu: vinyonga wa Usambara, na yule kobe bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba, ambaye tangu mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa imewekewa katazo la juu kabisa. Tuliandika makubaliano kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kopo: wakitoka, siku hiyohiyo wanarudi kwenye ukuta wa nyuma ya maabara.

Nikaondoka Ijumaa ya wiki ya nane, mayai bado. Moja lilikuwa limeacha kuongezeka wiki ya sita na kugeuka kijivu. Sita yalikuwa yamevimba mpaka yanagusana. Funguo za kabati nilimwachia mwalimu wa mihogo, daftari la uzito nikamwachia yule msichana, na kila mmoja alipewa namba ya simu ya Babu endapo mwenzake angesahau.

Siku ya kumi na moja nikiwa kwenye vimbweta napiga msuli wa mtihani wa marudio wa kozi ambayo siitaji, ikaingia meseji ya Babu, yote kwa herufi kubwa. MWALIMU WAMETOKA SITA. WAWILI WAMESHAPANDA UKUTA. MTOTO ANASEMA ULIZE MADUME AU MAJIKE.

Rangi hujionyesha wakikua, nikamjibu, wasubiri. Akaniuliza na makumbi yafanyweje. Nikamwambia ayamwagie maji tu aoteshee pilipili. Mwezi wa kumi na moja alinitumia picha: kopo lile lile la aisikrimu, miche kumi na mbili, na karatasi ya makubaliano bado imebandikwa.